Kigoda cha Milanzi na Karatasi ya Kaka

Si mbali na mji wa Sumbawanga iko sehemu iitwayo Milanzi. Mgeni anayepita njia hiyo haoni cha kumsimamisha. Ataona mashamba ya mahindi na maharage, ng'ombe wachache, nyumba za matofali ya kuchoma, na upepo wa uwanda wa juu ambao mwezi wa sita humfanya mtu atembee amejikunyata. Lakini kwa Mfipa, Milanzi ndipo dunia ilipoanzia. Wazee walitusimulia kwamba hapo ndipo aliposhukia Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeanguka kutoka mbinguni, na kwamba hapo ndipo kilipokaa kigoda cha utawala wa kwanza wa Ufipa.

Kigoda hicho kilipotea kwa namna ambayo kila mtoto wa Ufipa wa rika langu aliisikia jikoni usiku. Mfalme alikuwa amewaonya watu wake kwamba wageni watakuja, na kwamba wasiwape kiti. Kisha akaenda kuwinda. Alipokuwa porini, wakatokea wanawake watatu wageni waliokuwa wametembea kutoka mbali. Waliokuwa nyumbani wakatishika, au wakaona haya, na mmoja wa wageni wale akaketi juu ya kigoda. Mfalme aliporudi akakuta mambo yamekwisha. Ikabidi wapatane: Milanzi ikabaki kwake pamoja na heshima ya kale na mambo ya matambiko, na nchi iliyobaki ikawa ya wageni. Kutoka kwa wanawake hao ukatoka ukoo wa Watwachi, uliokuja kutawala Ufipa yote, nayo baadaye ikagawanyika katika himaya mbili zilizoshindana, Nkansi na Lyangalile.

Nilipokuwa mtoto niliisikia hadithi hii kama hadithi ya ujanja. Nilipoanza kufundisha, niliwasimulia wanafunzi kama historia. Sasa nimepita umri wa miaka 70, na nikiisikia naona kesi ya mirathi. Mfalme yule aliacha onyo, lakini hakuacha jina. Hakusema: nikiwa sipo, kigoda kitalindwa na fulani, mbele ya fulani na fulani. Aliwaamini watu wa nyumbani kwamba watajua la kufanya. Na watu wa nyumbani, ndugu msomaji, mwenye nyumba akiwa hayupo, mara nyingi hawajui la kufanya.

Nayasema haya kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa vikao vya ukoo. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri hawezi kukwepa kazi hiyo. Mtu akifa, matanga yakikaribia kuisha, huitwa Mwalimu na daftari lake. Huandika waliohudhuria, ajenda, nani amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na majina ya warithi. Muhtasari huo ndio hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Nimeandika mihtasari ya namna hiyo ishirini na zaidi. Mmoja tu ndio ulionikosesha usingizi, nao ni ule wa kaka yangu.

Kaka alinitangulia kwa miaka minne. Mwaka 1975 alipata kazi Mbeya katika shirika moja la umma. Wakati huo nilikuwa chuoni, nami nilikwenda kukaa naye wakati wa likizo. Jioni moja alirudi na fomu ya bima ya maisha ambayo shirika liliwapa wafanyakazi wake wote. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Jaza." Nikajaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, wilaya. Tulipofika mahali palipoulizwa fedha zilipwe kwa nani endapo mwanachama atafariki, alicheka kidogo. Alikuwa kijana wa miaka 25, bila mke wala mtoto. Kifo kilikuwa mbali kama bahari. "Andika baba mdogo," akasema. "Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe nikasoma."

Ilikuwa kweli. Baba yetu alikuwa amefariki tukiwa wadogo, na baba mdogo ndiye aliyetulea. Jina lake liliandikwa kwa shukrani, na kwa mkono wangu. Kaka akatia sahihi. Fomu ikaenda ofisini na ikakaa huko miaka kumi na tisa.

Mwaka 1979 kaka alioa binti wa Matai. Walifunga ndoa kanisani na walijaliwa watoto wanne. Alipandishwa cheo, akajenga nyumba ndogo Sumbawanga, akanunua baiskeli mbili na cherehani. Mwaka 1994 akaugua na kufa. Tulipomaliza kulia, ikaja barua kutoka kwenye shirika. Iliandikwa kwa adabu nzuri, na iliandikiwa baba mdogo.

Tulikaa kikao chini ya mkaratusi, nyuma ya nyumba ya babu. Shemeji alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto wa mwisho mapajani. Baba mdogo hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Alisema maneno machache tu: "Mwanangu aliniandika mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono." Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza mimi, kama katibu, karatasi inasemaje. Nikasema karatasi inasema hivyo hivyo. Sikusema kwamba niliyeshika kalamu siku ile ni mimi. Sikusema kwamba maneno yale yaliandikwa wakati shemeji hajajulikana na watoto hawajazaliwa. Nikaandika katika muhtasari: "Kikao kimeridhia." Fedha zikanunua mashine ya kusaga na ng'ombe. Mwaka uliofuata shemeji akarudi kwao Matai na wadogo wawili. Mtoto mkubwa aliachia shule darasa la sita.

Niliwahi kujiuliza kama jambo hili lingetokea zamani, kabla ya fomu. Najibu kwamba mabaya ya aina nyingine yalitokea, lakini si hili. Babu yetu alikuwa mfua chuma. Ujana wake aliufanyia kazi penye zile tanuru ndefu za udongo za Ufipa, zenye kimo cha karibu mita tatu, zilizojengwa karibu na vichuguu kwa kuwa udongo wa kichuguu ndio uliofaa. Mawe ya chuma na mkaa vilipangwa ndani, tanuru ikivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo iliyopulizwa kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Jembe lilikuwa zaidi ya chombo cha kupandia ulezi. Lilikuwa mahari, lilikuwa fidia, lilikuwa akiba. Mtu aliyekuwa na majembe kumi ndani ya nyumba alikuwa na benki.

Tanuru hizo zilipoa wakati wa ukoloni, baada ya majembe ya kiwandani kuingia madukani, lakini majembe ya babu yalibaki darini. Mwaka 1958, alipoona siku zake zimekaribia, alituma watu wawaite wanawe wote, wa kiume na wa kike, pamoja na jirani wawili wasio wa ukoo. Nilikuwa mtoto wa miaka minne. Niliyosikia niliyasikia baadaye kwa shangazi. Majembe yalitolewa nje yakapangwa juani. Babu akataja jina, na aliyetajwa akasogea akachukua la kwake. Shangazi alipata moja. Kaka mmoja akanung'unika kwamba mwanamke ataolewa na jembe litakwenda ukoo mwingine. Babu akajibu, "Nimelifua mimi, na kinywa ni changu." Jembe lile bado lipo kwa wajukuu wa shangazi, na katika maisha yangu sijasikia mtu akilidai.

Sitaki kuipamba zamani. Wapo waliokufa ghafla bila kutaja, na nyumba zao zikagombaniwa. Hata Nkansi na Lyangalile zilijua vita vya warithi. Lakini katika utaratibu wa babu yalikuwapo mambo matatu: mwenye mali alikuwa hai, mali ilikuwa mbele ya macho ya watu, na jina lilisemwa karibu na siku ya kufa, si miaka ishirini kabla yake.

Halafu ikaja karatasi, nayo ikaja pamoja na safari za mbali. Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipoingia kutoka kusini na kuiteka Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, vita vile viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Pande zote mbili ziliwachukua. Wengi walikufa, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, na kijiji kama alivyokidhania. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki ilibaki bila mwenyewe, kwa sababu majina ya daftarini hayakuweza kumpata mjane wala mtoto yeyote aliye hai. Fedha ile haikuwafikia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, naamini, kwa watu wa nchi hii kupoteza urithi kwa sababu ya jina lililoandikwa vibaya.

Baada ya hapo vijana wa Ufipa walizoea kuondoka. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walichukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, hasa tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilipoanzisha SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua. Kila mmoja alikuwa na kipande, na kipande kilikuwa na jina. Mara nyingi lilikuwa jina la ubatizo, lililotoka kwa Mapadri Weupe waliofika Karema mwaka 1885 na kuenea Ufipa yote. Nyumbani mtu aliitwa jina moja, kanisani la pili, kwenye mkonge la tatu. Katika vikao vyangu nimemwona mjane akizungushwa miezi saba kwa sababu cheti cha ndoa kina jina la kanisani na kitabu cha benki kina jina la ukoo.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea. Machifu walifutiwa mamlaka yao, na serikali ikachapisha sheria za mila katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka huo. Lengo lilikuwa jema: nchi changa yenye makabila zaidi ya mia moja ilitaka mila ziwe zimeandikwa na zinazofanana kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kazi hiyo ilijengwa juu ya utafiti wa Hans Cory, ambaye kabla ya kufa mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu juu ya sheria za Wahaya na Wasukuma. Hivyo mila ya Bukoba na Usukuma ikaja kutusomea hukumu Sumbawanga. Wakati huo huo mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikuwa akiishi na wazee wetu, na aliyoyaandika baadaye yanaonyesha kwamba Mfipa alihesabu udugu wake kwa baba na kwa mama pia. Babu angekubaliana naye.

Yaliyomo katika tangazo lile kila mwenye familia anapaswa kuyajua, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomhukumu mtu aliyekufa kimya. Mwana wa kwanza wa kiume yuko daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu, hata binti akiwa ndiye mzaliwa wa kwanza. Mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa ndugu wa ukoo wapo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye baba hakumhalalisha, hana urithi upande wa baba ikiwa baba hakuacha wosia.

Sheria hizo zimepigwa mara kadhaa, lakini hazijaanguka. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza. Ndugu walidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Jaji akasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoandikwa katika Katiba, na mwanamke akawa na haki sawa na mwanamume. Miaka ya baadaye wajane wawili, mafundi cherehani waliofukuzwa na ndugu za waume zao mkoani Shinyanga, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba sheria ile inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa dosari ya kimaandishi. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki na kuitaka Tanzania ibadili sheria zake. Wanawake hao walihangaika miaka yote hiyo kwa jambo ambalo mume angeweza kulipunguza kwa kalamu ya wino na mashahidi wachache.

Holaria Pastory alikuwa na wosia wa baba yake mkononi. Wajane wale hawakuwa nao. Natumaini msomaji ameiona tofauti hiyo.

Basi niseme niliyojifunza katika ukatibu. Kwanza, karatasi hazifahamiani. Fomu ya mfuko wa pensheni, fomu ya bima, fomu ya chama cha akiba na mikopo, na wosia ulio kabatini kwa paroko, kila moja imelala katika droo yake. Ukibadilisha moja, nyingine haipati habari. Mifuko yenyewe hubadilika: NPF ya mwaka 1964 ikawa NSSF mwaka 1997, na mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF. Mwenye fomu ya zamani asidhani kwamba jina jipya la ofisi limeleta jina jipya la mrithi.

Pili, yule "ndugu wa karibu" unayeandikwa benki si mrithi. Ni mtu wa kupigiwa simu. Nimemwona kijana akija kwenye msiba akitamba kwamba fedha za benki ni zake kwa kuwa jina lake lipo, na nimeona nyumba nzima ikigawanyika kwa tambo hilo, kabla ya benki kuwaambia inamsubiri msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Naye msimamizi si mrithi wa vyote. Yeye ni mkusanyaji, mlipa madeni na mgawaji. Tunapomchagua, tusitafute mwenye sauti kubwa. Tutafute anayeweza kurudisha hesabu.

Tatu, wosia una masharti yake. Wa mdomo katika sheria za mila unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, karibu sawa na alivyofanya babu bila kusoma gazeti lolote la serikali. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, unataka wino usiofutika, tarehe, sahihi, na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Nashauri shahidi asiwe mrithi. Ukimnyima mrithi wa kawaida, sema na sababu, maana usiposema ataambiwa ulisahau. Siku hizi wosia waweza kutunzwa pia RITA, wakala wa serikali ulioanza kazi mwaka 2006.

Nne, usiandike kwa shukrani peke yake. Shukrani ilipe ukiwa hai. Mnunulie baba mdogo ng'ombe, mpe shuka, mtembelee. Mahali pa jina katika fomu ni pa yule atakayelala njaa usipokuwapo.

Hili la nne nililisikia, kwa namna fulani, kutoka kwa baba mdogo mwenyewe. Mwaka 2001 aliniita, naye akiwa mgonjwa. Tulikaa kimya muda mrefu. Mashine ya kusaga ilikuwa imeharibika zamani na ng'ombe walikuwa wamebaki watatu. Akasema, "Ile fedha ya kaka yako. Nilijua ni ya watoto."

Nikamwuliza, "Mbona basi, baba, ulisema vile kikaoni?"

"Nilisema kilichoandikwa. Nikangoja mmoja wenu aseme kisichoandikwa. Wewe ulikuwa na daftari. Hukuniomba."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilikuwa nimemchukia mzee yule kwa miaka saba kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa langu. Ng'ombe wale watatu alielekeza wapelekwe Matai, mbele ya mashahidi, nami niliwapeleka. Mtoto mkubwa wa kaka alikuwa tayari mtu mzima, mpakia mizigo stendi. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Ungedhani mtu aliyepita katika hayo angekimbilia kusahihisha karatasi zake mwenyewe. Sikufanya hivyo. Mwaka 2019, miaka mitano baada ya kustaafu, mke wangu aliniuliza jikoni, akiwa anachambua maharage, "Mwalimu, kwenye kile chama chako cha akiba, umemwandika nani?" Nikasema bila kufikiri kwamba nimemwandika yeye. Kesho yake nikaenda kuhakikisha. Karani alifungua faili, akanigeuzia karatasi ya mwaka 1979. Palikuwa na mwandiko wangu wa ujana, mzuri kweli kweli, na jina la kaka. Marehemu wa miaka ishirini na mitano alikuwa ndiye mrithi wangu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Na yule wa Laela?"

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wengi wa jamaa zangu watalisoma kwa mara ya kwanza. Nilianza kazi Laela mwaka 1976, nikiwa kijana, na mwaka uliofuata nilipata binti kwa mwanamke ambaye sikumwoa. Nilitoa matunzo, si kila mwezi. Mke wangu nilimweleza mwaka 1985. Watoto wangu wa ndoa wanamjua kama "dada wa Laela" na hawajawahi kuuliza udada huo unapitia wapi. Sikuwahi kumhalalisha. Kwa Tangazo Na. 436, nikifa kimya, hayupo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake, lakini yeye ana wajukuu sasa. Si mtoto tena mbele ya sheria hiyo.

Nilimwambia mke wangu kwamba kumwandika kutaleta maneno. Akaweka ungo chini. "Mwandike," akasema. "Usipomwandika, siku ya matanga atakuja, na mimi ndiye nitakayeulizwa ni nani. Mimi si niliyemzaa, Mwalimu. Usiniachie kazi yako."

Tulikaa siku tatu na daftari. Nyumba ya mjini ni ya mke wangu, kwa kuwa tumeijenga pamoja, nami nimeandika hivyo ili asiambiwe atatunzwa. Akiba ya chama ni yake pia. Shamba limegawanywa sawa kwa watoto watano, wa kiume na wa kike, nikihesabu na yule wa Laela, na majina yote nimeyaandika kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa na kama yanavyoitwa nyumbani. Watoto wa kaka nimewaachia kiasi. Ni kidogo na kimechelewa, lakini kimeandikwa. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja wa ukoo, mwingine mwalimu mwenzangu mstaafu.

Kisha nikafanya jambo ambalo babu alilifanya na kaka hakulifanya. Niliwaita wote Jumapili moja baada ya misa, tukala ugali wa ulezi na samaki wa ziwani, na nikawasomea nikiwa hai. Mwanangu wa kwanza wa kiume aliposikia jina la tano alinyanyua uso, akamtazama dada yake wa Laela, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Walipoagana jioni, nilimwona akimbebea dada yake kikapu hadi barabarani, na walisimama pale wakizungumza mpaka gari likaja. Sijui walisema nini. Sikuuliza.

Tarehe ya wosia ule nimeiandika pia ukutani, nyuma ya mlango wa chumba changu. Kila mwaka mwezi wa sita, mavuno yakiwa yameingia, nautoa na kuusoma upya, nikijiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, na nani nimemsahau. Nakusihi nawe ndugu msomaji, kabla hujalifunga jalada la kitabu hiki, ukumbuke fomu uliyoijaza ujana wako, na uende ukaangalie ni nani aliyeketi kwenye kigoda.